Mwongozo wa kulisoma jina la ukoo la Kifrisia na kulifuatilia hadi kwa aliyelianzisha

Maswali yanayokuja ni yaleyale. Dijkstra maana yake nini? Mbona majina ya huko yanaishia na -ma na -stra? Ni kweli Napoleon ndiye aliyewapa watu majina? Na De Vries, si ndiye Mfrisia hasa? Anayeuliza anaweza kuwa mwanafunzi wa kompyuta aliyekutana na Edsger Dijkstra kwenye somo la kutafuta njia fupi, au mtu wetu aliyeoa au kuolewa kaskazini mwa Uholanzi na sasa anataka watoto wajue jina wanalobeba limetoka wapi. Nimeona ni afadhali majibu yakae mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Wafrisia ni watu wa pwani ya Bahari ya Kaskazini. Wengi wako Friesland, jimbo la kaskazini mwa Uholanzi ambalo mji wake mkuu ni Leeuwarden, na wana lugha yao inayotambuliwa rasmi. Wengine wako ng'ambo ya mpaka, Ujerumani. Hatua zilizo hapa ni za Friesland ya Uholanzi. Wa Ujerumani nitawagusa mwishoni, kwa kuwa nyaraka zao hutafutwa kwa njia nyingine.

Jambo moja ulishike tangu sasa: maana ya jina ni ya yule aliyelichukua kwanza. Mtafute mtu huyo, ujue aliishi wapi na alifanya kazi gani, kisha ndipo ufungue kamusi. Anayeanza na kamusi hupata hadithi tamu, lakini mara nyingi si ya ukoo wake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina kamili la mtu mmoja wa ukoo huo aliyeishi zamani kidogo, pamoja na mahali na mwaka hata wa kukadiria. Uholanzi rekodi ya kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, ya ndoa baada ya 75, ya kifo baada ya 50. Kwa hiyo jina la baba mkwe aliye hai halitakufikisha popote. Muulize babu na bibi yake walikuwa nani na walizikwa wapi.
- Intaneti. Tovuti ya AlleFriezen ndiyo ya kuanzia kwa rekodi za Friesland. Zaidi ya hiyo kuna WieWasWie na Open Archieven kwa nchi nzima, na CBG Familienamen yenye maelezo ya majina na ramani za mahali yanapopatikana. Utafutaji wa msingi ni bure, usikimbilie kulipa.
- Maneno machache ya Kiholanzi: *geboren* (alizaliwa), *overleden* (alifariki), *gehuwd* (ameoa au ameolewa), *zoon* (mwana), *dochter* (binti), *weduwe* (mjane), *oud* (umri), *wonende te* (mkazi wa). Nyaraka za Friesland karibu zote zimeandikwa kwa Kiholanzi, si kwa Kifrisia, kwa hiyo kutojua Kifrisia hakutakuzuia.
- Daftari. Kila unachokipata kiandikie kijiji, tarehe na namba ya rekodi. Bila hivyo utarudi kutafuta kitu hichohicho.

Kuhusu matamshi: *j* isome kama "y", *sj* kama "sh", *tj* kama "ch", *oe* kama "u", *ou* kama "au", na *ij* kama "ei". Jelle ni Yele, Sjoerd ni Shurd, Douwe ni Dauwe, Dijkstra ni Deikstra. Hii si ya kujifurahisha tu. Makarani wa zamani waliandika walichosikia, na ukilijua jina kwa sikio utalitambua hata likiwa limeandikwa vibaya.

Hatua ya 1: Liandike jina kwa sura yake ya zamani kabisa

Chukua karatasi kongwe kuliko zote mlizonazo nyumbani na unakili jina herufi kwa herufi. Kisha andika pembeni sura nyingine zinazowezekana. *Ij* na *y* hubadilishana: Dijkstra, Dykstra. *Z* na *s* pia: Zijlstra, Sijlstra. *V* na *f* pia: Veenstra, Feenstra. Waliohamia Marekani, hasa Michigan na Iowa kuanzia miaka ya 1840, mara nyingi waliiacha *ij* wakashika *y*, ndiyo maana Zylstra wa Grand Rapids na Zijlstra wa Friesland wanaweza kuwa wa shina moja.

Tahadhari: usidhani kwamba herufi tofauti ni ukoo tofauti, wala herufi zilezile ni ukoo mmoja. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuonekana kwenye vitabu mmoja akiwa Feenstra na mwenziwe Veenstra.

Hatua ya 2: Kata mkia wa jina

Mkia ndio unaokuambia jina ni la aina gani.

*-stra* ni mkaaji wa mahali. Asili yake ni neno la Kifrisia cha kale la mtu anayekaa pahala, na mbele yake huja kitu kilichokuwepo mahali hapo. Huu ndio mkia unaoielekeza Friesland kwa uhakika zaidi.

*-ma* hutokana na neno la "mtu" au "watu", na mara nyingi hufuata jina la mtu: Fokkema ni watu wa Fokke, Hylkema ni wa Hylke, Sikkema ni wa Sikke. Ikiingia *s* katikati, kama Sytsma au Tjeerdsma, ni ileile *s* ya umilikaji: wa Sytse, wa Tjeerd. Lakini -ma hukaa pia kwenye vitu na mahali, kama Bosma, ambapo *bos* ni msitu.

*-inga* au *-enga* ni wazao au jamaa wa mtu: Wiebenga, wa Wiebe. *-a* peke yake, au *-da*, ni umilikaji wa zamani sana, nayo utaiona kwenye koo zilizokuwa na majina karne nyingi kabla ya Napoleon, kama Roorda na Aylva, koo za wakuu wa Friesland.

Halafu yapo majina yasiyo na mkia wa Kifrisia kabisa: Van der Meer, Van der Veen, De Boer, De Jong, Visser, Bakker. Hayo ni ya Kiholanzi kwa sura, na Friesland yamejaa. Usimwambie mtu kuwa si Mfrisia kwa sababu anaitwa Visser.

Tahadhari kubwa hapa: -ma na -inga si mali ya Friesland pekee. Mkoa jirani wa Groningen ulikuwa wa Kifrisia zamani kabla lugha haijabadilika, na majina hayo yako kwa wingi huko. Kwa ujumla -ema huelekea Groningen, na -stra hurudi Friesland. Ni dalili ya kukuonyesha pa kuanzia kutafuta, si ushahidi.

Hatua ya 3: Soma kilichobaki

Ukishakata mkia, kinachobaki ama ni jina la mtu ama ni kitu cha ardhini. Na hapa nchi yenyewe inabidi uione, kwa sababu majina ya -stra yameandikwa na maji.

Kabla ya kuwapo matuta ya kuzuia bahari, watu wa pwani ile walijenga vilima kwa mikono yao, udongo na samadi tabaka juu ya tabaka, wakakaa juu yake bahari ilipofurika. Kazi hiyo ilianza karne kadhaa kabla ya Kristo. Kilima cha namna hiyo ni *terp*, na cha Hegebeintum, kilicho kirefu kuliko vyote, kinakaribia mita 9 juu ya usawa wa bahari. Aliyekaa juu ya kilima au kando yake ni Terpstra. Matuta yalipojengwa, aliyekaa kando ya tuta, *dijk*, akawa Dijkstra. Tuta likishafungwa, maji ya mvua ya ndani nayo yanataka njia ya kutokea, kwa hiyo waliweka mlango wa mbao unaofunguka bahari ikipwa na kufungwa na maji yenyewe bahari ikijaa. Mlango huo ni *zijl*, na jirani yake ni Zijlstra. Wengi hulichanganya na *zeil*, tanga la mashua, kwa kuwa matamshi ni mamoja. Tanga halimo.

Bara zaidi, upande wa mashariki na kusini mashariki, kulikuwa na *veen*, ardhi chepechepe ambayo udongo wake ulikatwa vipande, ukakaushwa, ukauzwa kama kuni. Heerenveen ilianzishwa 1551 kwa ajili ya biashara hiyo. Huko ndiko makao ya kina Veenstra, Feenstra na Van der Veen. *Hoek* ni kona au pembe ya ardhi: Hoekstra. *Hiem* ni uwanja wa nyumba ya shamba: Hiemstra. *Poel* ni dimbwi: Poelstra. *Kooi* katika Kooistra mara nyingi ni mtego wa bata: bwawa dogo katikati ya miti, mifereji iliyopinda ikitoka humo, juu yake nyavu, na mbwa aliyefunzwa kupita kati ya viwambo ili bata wamfuate kwa udadisi hadi mwisho wa mfereji wanakokamatwa. Lakini *kooi* ni zizi la kondoo vilevile. Kamusi haiwezi kukuamulia, kijiji kinaweza. Kwenye mabwawa ni bata, kwenye nyika ya mchanga ni kondoo.

Kuna majina ya -stra yanayotokana na miji pia. Joustra ni mtu wa Joure, Lemstra ni mtu wa Lemmer.

Kwa majina ya watu, jizoeze orodha hii: Bouwe, Douwe, Eelke, Fokke, Foppe, Hylke, Jelle, Jelte, Popke, Rienk, Sikke, Sjoerd, Sytse, Tjeerd, Wybe, Ype. Ukiyajua haya, Douma, Eelkema, Jellema, Rienksma na Ypma yatajifungua yenyewe. Na ukiona kilichobaki kinaweza kuwa viwili, viandike vyote viwili. Bouma ni wa Bouwe, au ni mkulima. Elzinga ni wa Else, au ni mahali penye mti uitwao *els*. Usichague sasa.

Hatua ya 4: Rudi nyuma kizazi baada ya kizazi hadi 1811

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Friesland mwaka 1811, na umehifadhiwa vizuri ajabu. Anza na rekodi ya kifo cha mzee wako, ina majina ya wazazi wake. Tafuta ndoa ya wazazi hao, ina majina ya wazazi wa pande zote mbili. Rudia.

Jambo linalowarahisishia kazi wageni: mwanamke katika nyaraka za Uholanzi huandikwa kwa jina lake la kuzaliwa maisha yake yote, hata kwenye rekodi ya kifo. Kwa hiyo usimtafute bibi kwa jina la mumewe, hutampata.

Usiridhike na muhtasari wa kwenye tovuti. Fungua picha ya waraka wenyewe. Muhtasari mara nyingi hautaji kazi ya mtu, wala mashahidi, na mara nyingi mashahidi ni kaka au wajomba.

Na usiziache karatasi ziitwazo *huwelijksbijlagen*, viambatisho vya ndoa. Bibi na bwana harusi walitakiwa kuleta uthibitisho: nakala ya kuzaliwa au kubatizwa, vyeti vya vifo vya wazazi waliokwishatangulia, na kwa mwanamume cheti cha jeshi, ambacho pengine kinataja urefu wake, rangi ya macho na umbo la pua. Kwa aliyeoa miaka ya 1820, nakala ya ubatizo iliyomo humo ndiyo inayomvusha kutoka jina jipya la ukoo kwenda jina la zamani la baba. Watu wengi huhangaika kwa wiki wakati jibu limelala kwenye viambatisho.

Utajua umefika ukingoni ukikutana na rekodi kama hii, ambayo ni ya kubuni: mzee Jan Hoekstra amefariki 1840 akiwa na miaka 70, wazazi wake Sytse Jans na Trijntje Klazes. Mtoto ana jina la ukoo, wazazi hawana. Maana yake ni kwamba huenda Jan mwenyewe ndiye aliyelichukua.

Hatua ya 5: Tafuta tamko la jina

Uholanzi ilimezwa na himaya ya Ufaransa mwaka 1810. Tarehe 18 Agosti 1811 Napoleon alitoa amri kwamba asiye na jina la ukoo la kudumu achague moja na alitangaze mbele ya meya wa eneo lake. Muda ulisogezwa mbele hadi mwanzoni mwa 1814, na kwa waliochelewa, Mfalme Willem I alitoa amri nyingine mwaka 1825. Madaftari ya matamko hayo, *registers van naamsaanneming*, ya Friesland yako kwenye hifadhi ya Tresoar huko Leeuwarden, na majina yanatafutika mtandaoni.

Mtafute kwa jina la zamani, yaani Jan Sytses, si Jan Hoekstra peke yake. Kwenye tamko utakuta fomu moja iliyorudiwa ukurasa baada ya ukurasa: mbele ya meya wa mahali fulani amefika fulani, mkazi wa kijiji fulani, ametamka kwamba anachukua (*aanneemt*) jina fulani kuwa jina la ukoo, na ana watoto wafuatao. Hapo hufuata wana na mabinti, umri wa kila mmoja na makazi yake, na wajukuu pia wakiwepo. Chini kuna sahihi ya mtu. Ile sahihi itazame kwa makini: kalamu inayotetemeka, au herufi nzuri za mtu aliyesoma, au maneno kwamba hajui kuandika. Ni mojawapo ya nafasi chache za kuuona mkono wa mtu wa kawaida wa wakati ule.

Mambo matatu ya kujihadhari nayo hapa.

La kwanza, tamko la 1811 halithibitishi kwamba jina lilizaliwa 1811. Wengi walikwenda kuandikisha jina ambalo ukoo ulikuwa unalitumia tayari. Ndiyo maana jibu la "Napoleon ndiye aliyewapa majina" ni nusu ya ukweli: aliwalazimisha kuwa nalo na kulishika, lakini walichagua wenyewe, na baadhi yao walikuwa nalo tangu zamani.

La pili, baba aliye hai alitamka kwa niaba ya watoto wote, hata wenye familia zao. Lakini kama baba alikuwa amekwishafariki, kila ndugu aliyekuwa mtu mzima alijitamkia. Mmoja akachukua Hoekstra kijijini kwake, mwingine akachukua Bosma kijiji cha tatu. Kwa hiyo Hoekstra mia moja unaowaona kwenye ramani si ukoo mmoja, na Bosma fulani anaweza kuwa ndugu yako wa karibu kuliko Hoekstra yeyote.

La tatu, ile hadithi kwamba Waholanzi walijipa majina ya kejeli kumdhihaki Napoleon. Mfano unaotajwa sana ni Naaktgeboren, "aliyezaliwa uchi". Jina hilo lilikuwepo kabla ya Napoleon, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limepotoshwa kutoka neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa baada ya baba kufa. Watu waliofika mbele ya meya wakiwa na wake na watoto hawakwenda kufanya mzaha.

Hatua ya 6: Vuka 1811 kwa jina la baba

Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko Mzungu wa leo. Mtu anayejua kwamba Ali Juma ni Ali mtoto wa Juma ameshaelewa mfumo wote. Jan Sytses ni Jan wa Sytse. Sytse Jans, baba yake, ni Sytse wa Jan. Wanawake vilevile: Trijntje Klazes ni binti wa Klaas. Jina la pili hubadilika kila kizazi.

Tazama kahawa ya Douwe Egberts. Duka lilifunguliwa Joure mwaka 1753 na Egbert Douwes na mkewe Akke Thijsses. Mtoto wao akaitwa Douwe Egberts, yaani Douwe wa Egbert, aliyepewa jina la babu yake. Hakuna jina la ukoo popote hapo. Wazao walikuja kuwa akina De Jong. Au mtazame Eise Jeltes Eisinga (1744–1828), aliyetengeneza sayari zinazozunguka kwenye dari ya sebule yake huko Franeker: Eise ni yeye, Jeltes ni wa Jelte baba yake, Eisinga ni jamaa wa Eise. Na Menno Simons wa Witmarsum (1496–1561) ni Menno wa Simon. Kanisa la Mennonite lililofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 limebeba hadi leo jina la kwanza la kijana wa Kifrisia.

Hata baada ya 1811 desturi haikufa. Jina la baba lilibaki katikati, kama kwa mwanasiasa Pieter Jelles Troelstra, aliyezaliwa Leeuwarden 1860, mtoto wa Jelle. Ukikuta jina la kati linaloishia na *s*, umepewa jina la baba bure.

Kabla ya 1811 vitabu vyako ni vya kanisa, yaani ubatizo na ndoa. Watoto walirithi majina ya wazee kwa utaratibu: mara nyingi wa kwanza wa kiume kwa babu mzaa baba, wa kwanza wa kike kwa bibi mzaa mama. Tumia utaratibu huo kupima, usiutumie kubuni. Kwa kumweka mtu kijijini, tafuta *Quotisatiekohier* ya 1749, orodha ya kodi inayotaja wakuu wa kaya wa Friesland, idadi ya watu wazima na watoto, na mara nyingi neno fupi kuhusu kazi au hali yao. Kwa wenye mashamba kuna *stemkohieren*, za 1640 na 1698 na baada ya hapo kila miaka kumi, kwa kuwa haki ya kupiga kura ilifungwa kwenye shamba. Zinataja mwenye shamba na anayelitumia.

Hatua ya 7: Rudi kwenye maana, sasa ukiwa na kijiji mkononi

Fungua ramani ya zamani ya kijiji alikotamka jina. Kadasta ya 1832, yaani rejista ya ardhi yenye ramani, inaonyesha kila kiwanja. Je, Terpstra wako alikaa penye kilima? Kooistra alikuwa na mtego wa bata jirani? Bouma alikuwa na babu aitwaye Bouwe? Ukipata ulinganifu, una jibu. Usipoupata, andika "huenda" mbele ya maana na uache hivyo.

Angalia pia jina la shamba. Mashamba ya Friesland yalikuwa na majina, mengi yakiishia na -ma au -inga kutokana na ukoo wa zamani uliolimiliki. Mpangaji aliyehamia aliweza kuitwa kwa jina la shamba bila kuwa na tone la damu ya ukoo ule. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba jina linalofanana na la wakuu halimfanyi mtu kuwa mzao wa wakuu. Wanaouza nembo za ukoo mtandaoni hawaulizi kijiji wala mwaka. Pesa yako ikae.

Ukikwama

*Jina halionekani kabisa.* Tafuta kwa jina la kwanza, kijiji na miaka, ukiacha jina la ukoo wazi. Jaribu pia mke au mume.

*Tamko la 1811 halipo.* Angalia kama baba au babu alikuwa hai katika kijiji kingine na alitamka yeye. Angalia manispaa jirani. Kama ukoo ulikuwa na jina tayari, utalikuta kwenye vitabu vya kanisa vya miaka ya 1700.

*Watu wawili wenye jina moja kijiji kimoja.* Hili litakupata, Jan Jans wako kila mahali. Mtenganishe kila mmoja kwa mke, kwa majina ya watoto na kwa mashahidi. Ukishindwa, usonge mbele na wote wawili kwenye kurasa tofauti hadi mmoja aanguke.

*Ubatizo haupo ingawa familia ilikuwepo.* Huenda walikuwa Doopsgezind, wafuasi wa njia ya Menno Simons, ambao hubatiza watu wazima. Tafuta orodha za washirika na rekodi za kuzaliwa za jumuiya yao.

*Jina ni De Vries na hujui uanzie wapi.* Maana yake ni "Mfrisia", na jina hilo lilikuwa na kazi hasa nje ya Friesland, ambako kuwa Mfrisia kulimtofautisha mtu na majirani. Lakini liko kwa wingi Friesland kwenyewe, na familia nyingi za Kiyahudi za Uholanzi zinalo pia. Jina hili halikupi mahali popote. Fuata watu tu, hatua ya 4.

*Waraka wa 1811–1813 uko kwa Kifaransa.* Baadhi ndivyo zilivyo. *Né* ni aliyezaliwa, *fils de* ni mwana wa, *fille de* ni binti wa, na tarehe ni zilezile.

*Jina linaishia na -ena au -sen.* Pengine uko upande wa Ujerumani. -ena ni ya Frisia ya Mashariki, kama Cirksena, ukoo uliotawala huko hadi 1744. Majina kama Petersen, Hansen na Nissen ni ya kawaida Frisia ya Kaskazini, iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark. Amri ya 1771 iliwataka watu waache kubadilisha jina kila kizazi, na jina la baba wa wakati ule likaganda. Huko AlleFriezen haitakusaidia. Usajili wa kudumu wa serikali ulianza Oktoba 1874, na kabla ya hapo itabidi ujue parokia, ukaulize vitabu vyake vya kanisa.